Mkulima wa Delta, ukienda Dar es Salaam rudi na fedha yako

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa Kiongoroni anayepeleka mchele au kamba wake Dar es Salaam hapangi safari kwa kuangalia saa ya ukutani. Anaangalia maji. Bahari ikipwa, vijito vya Delta ya Rufiji hubaki tope na mashua hulala ubavu mpaka maji yajae tena. Ndiyo maana msafiri wa huko huweza kuondoka usiku wa manane, akafika Nyamisati alfajiri, akasubiri gari la kwenda Bungu, na kutoka hapo akashika Barabara ya Kilwa kupitia Jaribu Mpakani, Kimanzichana, Mkuranga, Vikindu na Kongowe hadi Mbagala Rangi Tatu.

Anaposhuka Rangi Tatu huwa hajalala, nguo zina chumvi na macho yote yako kwenye magunia. Jiji lenye watu 5,383,728 kwa hesabu ya Sensa ya mwaka 2022 humpokea akiwa katika hali hiyo. Mkoa mzima wa Pwani, wenye Kibiti, Rufiji, Mkuranga, Mafia na wilaya nyingine zote, ulihesabiwa kuwa na watu 2,024,947 tu.

Mzigo alionao si haba. Kwa mkulima wa mpunga wa Delta, magunia yale ni miezi aliyokaa dunguni na familia yake akifukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Kwa mvuvi ni usingizi wa usiku mwingi dagoni. Jasho la msimu mzima linaweza kupotea kati ya saa 12 asubuhi na saa sita mchana, na mara nyingi halichukuliwi na mtu mwenye kisu. Huchukuliwa na mtu aliyevaa vizuri, anayesalimia kwa adabu na kumwita mgeni “mjomba”.

Makala haya ni kwa ajili ya wakazi wa kata za Delta, yaani Kiongoroni, Maparoni, Mbuchi, Msala na Salale, pamoja na mkulima au mchuuzi mwingine yeyote wa mikoani anayefikiria kuufuata mzigo wake hadi jijini.

Piga hesabu ukiwa bado nyumbani

Swali la kwanza ni kama kuna haja ya kwenda. Wengi husikia kwamba kilo ya mchele Dar es Salaam ina bei kubwa kuliko kijijini, wakafunga mzigo siku hiyo hiyo. Hawajumlishi kinachotafunwa njiani.

Tuchukue mfano wa kukadiria tu, kila mmoja aweke bei zake. Mkulima ana gunia kumi za mpunga za kilo 100 kila moja. Akikoboa atapata mchele kilo 600 hivi, kwa kuwa gunia la namna hiyo kwa kawaida hutoa kilo 60 hadi 65. Tuseme Dar es Salaam kila kilo inamzidishia Sh300 kuliko bei ya mnunuzi anayemfuata kijijini. Hapo anaona Sh180,000 zinamngoja.

Sasa tutoe gharama. Mashua kwa gunia sita za mchele, tuseme Sh5,000 kwa gunia, ni Sh30,000. Gari kutoka Nyamisati kwa Sh6,000 kwa gunia ni Sh36,000. Makuli wa kupakia na kushusha mara tatu kwa Sh1,000 kila gunia ni Sh18,000. Nauli yake mwenyewe kwenda na kurudi Sh40,000. Kula na kulala siku tatu Sh45,000. Jumla ni Sh169,000. Kilichobaki ni Sh11,000 kwa siku tatu za jasho, na hapo hajaibiwa hata shilingi.

Chukua mfano huo huo, lakini wakulima watano waunganishe mzigo na kuwatuma watu wawili wanaoaminika. Kilo 3,000 zitaleta tofauti ya Sh900,000. Gharama za mzigo zitakuwa Sh420,000 na za watu wawili Sh170,000. Zitabaki Sh310,000, yaani Sh62,000 kwa kila mkulima, na watatu kati yao hawakutoka nyumbani. Kwa maoni ya mwandishi, mtu mwenye gunia chini ya kumi asiende peke yake, isipokuwa ana shughuli nyingine ya lazima jijini, kwa mfano matibabu.

Baada ya hesabu hiyo, piga simu. Usimpigie mtu mmoja. Muulize mwenye duka la jumla, muulize dalali, kisha muulize ndugu yako anayeishi Mbagala au Temeke ananunua mchele dukani kwa bei gani. Wizara ya Viwanda na Biashara nayo hutoa bei za jumla za mazao makuu ya chakula katika masoko ya mikoa, Dar es Salaam ikiwemo. Bei zote hizo zikikaribiana, umepata picha. Zikitofautiana sana, kuna anayekuvuta uende tu, ukifika bei ibadilike.

Angalia pia majira. Katika mwezi wa Ramadhani futari hupandisha bei ya nazi, mihogo, magimbi na ndizi katika mji wa Pwani kama Dar es Salaam, na mwenye minazi Delta anayeuza nazi zake zote wiki mbili kabla ya mwezi kuandama amejipunja mwenyewe. Kwa upande wa samaki, wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hupumzika wakati wa mbalamwezi, kitoweo kikaadimika. Mwenye samaki wakavu waliokaushwa vizuri anaweza kuwaweka hadi siku hizo.

Mvua nayo ina lake. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei mwaka huo kimbunga Hidaya kikaja na mvua zilizokata Barabara ya Kilwa upande wa kusini, maeneo ya Somanga. Kwa siku kadhaa magari ya Lindi na Mtwara hayakupita. Barabara ikikatika kusini, mzigo wa Kibiti hukosa mshindani wa kutoka Kilwa na Lindi. Zikifunguka kwa pamoja, malori hufika kwa mkupuo na bei huanguka. Msikilize dereva kabla ya kumsikiliza dalali.

Karatasi za kubeba mfukoni

Bajeti ya Serikali ya mwaka 2017/18 ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na ikaondoa ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Hata hivyo, kabla ya kuondoka pita kwa mtendaji wa kata au ofisi ya halmashauri uulize utaratibu unaotumika kwa zao lako, na mwenye mzigo zaidi ya tani alipie huko huko. Malipo yoyote yaandamane na risiti ya mashine. Karatasi iliyoandikwa kwa kalamu katikati ya barabara si risiti.

Mazao ya bahari na ya misitu yana sheria zake. Anayefanya biashara ya samaki, kamba au kaa anapaswa kuwa na leseni, na ofisa uvuvi wa wilaya ndiye wa kumuuliza. Boriti na fito za mikoko hazisafirishwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, kwa kuwa mikoko ya Delta ni msitu wa hifadhi. Mkaa vile vile. Usikubali mtu akuombe “unishushie kiroba hiki Mbagala” bila kukifungua na kuona ndani. Kwenye kizuizi mwenye mzigo ni yule aliyekaa nao.

Jambo dogo ambalo bado huwaponza watu ni mifuko ya plastiki. Ilipigwa marufuku nchini kuanzia Juni 1, 2019. Beba kikapu, kiroba au ndoo yenye mfuniko.

Rangi Tatu, dakika kumi za kwanza

Gari likisimama usikimbilie kushuka. Makuli na wapiga debe watauzingira mlango na kila mmoja atadai kuwa ndiye aliyekuona mwanzo. Wengi wao ni watu wa kazi wanaotafuta riziki, lakini aliyeshika gunia lako kabla hamjaelewana bei atakutajia bei baada ya kulifikisha, na hapo huna la kusema. Hesabu mizigo yako kwa sauti ukiwa bado ndani ya gari. Mmoja wenu ashuke kwanza asimame chini, mwingine abaki juu akitoa. Ukiwa peke yako, mwombe konda asubiri, naye kwa kawaida husubiri akiombwa kwa heshima.

Kisha elewana bei ya usafiri hadi sokoni kabla ya kupakia. Mkokoteni na guta hufaa kwa karibu, kirikuu hufaa kwa gunia nyingi. Uliza bei kwa watu watatu. Ukikubaliana, mmoja wenu apande pamoja na mzigo. Kirikuu kikitangulia bila mtu wako, si ajabu kikapotelea kwenye foleni.

Bodaboda na bajaji nazo ni maelewano kabla ya kupanda. Daladala zina nauli inayopangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, kwa hiyo hakuna mjadala, na njia ya gari imeandikwa mbele na ubavuni. Barabara ya Kilwa siku hizi imejengewa njia za mabasi ya mwendokasi kutoka Mbagala hadi katikati ya mji. Mgeni akumbuke kwamba basi hilo huja kwa kasi katika njia yake, hivyo avuke kwenye kivuko tu. Usivuke na gunia kichwani ukidhani dereva atakuhurumia.

Mizani, dalali na mali kauli

Sokoni ndiko penye kazi. Kwa anayetokea upande wa Kilwa, masoko ya Temeke Stereo na Tandika yako karibu zaidi. Tandale inajulikana kwa nafaka na Mabibo kwa ndizi. Wageni wengi hata hivyo wana jina moja tu kichwani, nalo ni Kariakoo. Wajue kwamba jengo la soko kuu la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021 na wafanyabiashara wake wakatawanyika katika masoko mengine wakati wa ujenzi mpya. Kwa hiyo maelekezo uliyopewa na mjomba aliyefika huko zamani, ya kona fulani na meza fulani, yahakikishe kwa simu kwanza.

Kijijini tumezoea debe na ndoo. Mjini uza kwa kilo. Debe la mnunuzi linaweza kuwa limegongwa likatanuka, au akalijaza kwa kilima juu na kukuita mchoyo ukilalamika. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inasimamiwa na Wakala wa Vipimo, ambao hukagua mizani na kuiwekea stika. Mizani isiyo na stika ya ukaguzi, iache. Njia rahisi ni kupima gunia zako mwenyewe kabla ya kusafiri na kuandika uzito wa kila moja kwa kalamu isiyofutika. Ukikuta tofauti ya kilo mbili kwa gunia zima, hiyo yaweza kuwa unyevu au mizani. Tofauti ya kilo nane ni mtu.

Lumbesa ni hasara ya muuzaji, hata ikiitwa desturi. Gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100. Anayekutaka uongeze kichwa cha gunia anakutaka umpe kilo za bure, nawe umezilipia mashua na gari.

Dalali si adui. Anawajua wanunuzi, anajua nani hulipa na nani hukimbia, na mgeni asiye na meza sokoni hawezi kuuza bila yeye. Shida huanzia kwenye mambo mawili. La kwanza ni cha juu: dalali anauza kilo kwa bei moja, anakuambia nyingine, na tofauti anaifutika, kisha anadai udalali wake vile vile. Kinga yake ni kuwepo wakati wa kuuza na kuelewana mapema kama atalipwa kwa gunia au kwa kilo, na kiasi gani. Akikwambia kakae pale kwenye kivuli unywe chai wakati yeye anashughulika, mshukuru kwa ukarimu na ubaki umesimama.

La pili ni mali kauli. Mnunuzi anachukua mzigo kwa ahadi kwamba atalipa jioni, au kesho, au akishauza. Wafanyabiashara wanaojuana miaka mingi huishi kwa mali kauli na biashara yao inakwenda. Lakini mgeni wa siku mbili hana cha kumshikia mtu. Kesho ile itakukuta gesti, ukila fedha ya nauli, na mnunuzi anajua kabisa kwamba mashua yako haitakungoja. Bora kuuza kwa bei pungufu kidogo na fedha mkononi. Ukilazimika kukopesha, iandikwe karatasi yenye majina kamili, namba za simu, uzito, kiasi na tarehe, isainiwe mbele ya uongozi wa soko. Kila soko la manispaa lina ofisi yake, na mgeni anayekwenda kujitambulisha hapo asubuhi hufanyiwa mchezo kwa shida zaidi.

Feri, soko la alfajiri

Mwenye samaki, kamba au kaa ataelekea Feri, karibu na kivuko cha Magogoni. Soko la samaki lililopo lilijengwa kwa msaada wa Japan mwanzoni mwa miaka ya 2000, na limegawanywa katika kanda: mnada, rejareja, kusafisha samaki, kukaanga na nyinginezo. Mnada huchangamka alfajiri. Samaki humwagwa mezani, mnadi hupaza sauti, na wanunuzi hupandishiana: wachuuzi wa mitaani, wauza hoteli, na akina mama wanaokaanga samaki, wale waitwao mama karanga. Mama hawa ni wanunuzi wazuri. Wanajua bei, wanalipa, na hawana muda wa kupoteza kwa sababu mafuta yameshachemka.

Bei ya saa 11 alfajiri si ya saa nne asubuhi. Jua likipanda, samaki hulegea, vyombo vingine hufika na mnunuzi hupata nguvu ya kuchagua. Anayetoka Delta akichelewa kwa saa tatu njiani anaweza kupoteza faida yote. Kwa hiyo barafu ndiyo bei yako. Kanuni inayofaa katika joto letu ni kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, ipangwe kwa tabaka, chini barafu, juu barafu, na boksi liwe na tundu la kutoa maji. Kamba ndiye msumbufu kuliko wote. Akikosa baridi mapema, kichwa hugeuka cheusi, na mnunuzi wa hoteli huangalia kichwa kabla ya kitu kingine. Barafu iwekwe pale pale dagoni anapotoka wavuni. Ukingoja hadi Nyamisati, umechelewa.

Kaa huuzwa akiwa hai. Mfunge magando, mweke kwenye gunia lililolowa au matope kidogo, mkinge na jua na upepo wa gari. Kaa aliyekufa ni wa kutupa, hata awe mkubwa namna gani.

Fedha haina mwenyeji

Umeuza, umelipwa. Hapa ndipo wengi hupigwa changa la macho.

Hesabu fedha ukiwa umeketi ndani ya ofisi au duka, usihesabu barabarani. Inua noti ya Sh10,000 kwenye mwanga uone picha ya Mwalimu Nyerere iliyofichwa ndani ya karatasi. Ikumbukwe pia kwamba noti za zamani, zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na noti ya Sh500 ya mwaka 2010, zilibadilishwa na Benki Kuu kati ya Januari 6 na Aprili 5, 2025. Baada ya hapo si fedha halali. Kuna wazee waliozifukia kwenye masanduku, na kuna wajanja wanaowapa wageni wa mashambani wakidhani hawana habari. Zikatae.

Ukiisha kuhesabu, iweke fedha kwenye akaunti ya simu au benki, ubaki na ya matumizi tu. Huduma za fedha kwa simu zilianza kuenea nchini mwaka 2008, na leo hata vijiji vingi vya Delta vina wakala. Ada ya kutuma na kutoa inauma, lakini inauma mara moja. Weka kwa wakala mwenye banda la kudumu, andika namba mwenyewe, usitaje namba ya siri kwa mtu, na usiondoke mpaka ujumbe umeingia na umeusoma salio. Usiridhike na kuona ujumbe tu, kwa sababu ujumbe wa uongo huandikwa na kutumwa na mtu yeyote mwenye simu. Angalia salio lenyewe.

Ujumbe wa “ile pesa itume kwenye namba hii” ungali unatembea nchi nzima, na humnasa zaidi mtu ambaye kweli kuna anayemdai. Mpigie mdai wako kwa namba unayoijua. Namba ya tapeli itume kwa Mamlaka ya Mawasiliano kupitia 15040 ili ishughulikiwe. Aidha, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoifahamu, kuna mtu anatembea na jina lako.

Mtaani kuna michezo ya zamani ambayo haijafa. Karata tatu huchezwa kwenye vituo, na wale unaowaona wakishinda ni wenzake. Simu nzuri kwa bei ya kutupa huonyeshwa ikiwa hai, halafu wakati wa kufungwa hubadilishwa, na mgeni hufungua kipande cha sabuni akiwa Kongowe. Kuna anayeangusha bahasha mbele yako, mwenzake akaiokota na kutaka mgawane mkiwa kichochoroni. Mwache agawane na mwenyewe.

Kununua vya kurudi navyo

Wengi huuza asubuhi na kununua mchana: nyavu, vipuri vya mashine ya mashua, mbegu, dawa, nguo za watoto. Kariakoo utakutana na mawinga, vijana wanaokuuliza unatafuta nini na kukupeleka dukani. Duka si lao. Bei utakayotajiwa ina fungu lao ndani. Ingia mwenyewe maduka matatu, uliza bei, ndipo ununue, na dai risiti ya EFD. Bila risiti hakuna kurudisha kitu kibovu, na wewe unaishi ng’ambo ya maji.

Kwa mbegu, angalia lebo ya TOSCI kwenye pakiti. Kwa dawa za mimea, angalia jina, tarehe ya mwisho na kama imesajiliwa nchini. Usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji. Kwa nyavu, jihadhari zaidi. Zile za uzi mmoja unaong’aa kama mshipi ni rahisi na zinakamata, lakini zimekatazwa na kanuni za uvuvi za mwaka 2009, sawa na kokoro. Katika operesheni za mwaka 2018 nyavu nyingi haramu zilichomwa moto nchini. Muuzaji wa Kariakoo hatakulipa zikichomwa Kibiti.

Usitandaze bidhaa zako kando ya barabara ukidhani ni kama gulio la kwetu. Tangu Oktoba 2021 wamachinga walipoondolewa katika barabara nyingi na kupangiwa maeneo, mgambo hawaangalii kama wewe ni mgeni.

Kulala, ndugu na hospitali

Mwenye ndugu Mbagala, Charambe au Temeke akalale kwa ndugu, ila apige simu siku mbili kabla na asiende mikono mitupu. Nazi kumi na kilo chache za mchele mpya humsaidia mwenyeji kuliko ahadi. Vyumba vya jijini ni vidogo na maji yananunuliwa. Asiye na ndugu atafute gesti iliyo karibu na anakouza, akague kitasa na dirisha kabla ya kulipa, aandikwe kwenye kitabu cha wageni na asimwachie mtu mzigo wa fedha bila maandishi.

Anayechanganya safari ya biashara na matibabu aanze na barua ya rufaa kutoka hospitali ya wilaya yake. Muhimbili si mahali pa kuingia kwanza, na ukiwa upande wa Mbagala, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke iko karibu zaidi. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na zimamoto ni 114.

Siku ya kurudi mpigie nahodha ukiwa bado Rangi Tatu, akueleze chombo kitaondoka Nyamisati saa ngapi, ndipo uchague gari. Sukari, unga na mbegu zifungwe kwenye nailoni nzito ndani ya kiroba, kwa kuwa maji ya mashuani huanzia chini. Vyombo vya siku ya gulio hujazwa kupita kiasi kwa sababu kila mtu ana saruji na bati zake, na huwa rahisi kusema tutabanana. Jaketi la kuokolea linauzwa kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi. Linunue kabla hujamaliza fedha kwa vitenge, ulivae, na chombo kikiwa kimezama hadi ukingoni subiri maji mengine ya kujaa.